Uduvi wako hawafi njaa, punguza chakula

Mkuu, umesema una uduvi wekundu kumi na tano kwenye tangi moja na samaki wadogo wa mapambo, gapi na neoni, uko Mafinga, unatupia chakula asubuhi na jioni lakini samaki wanakimaliza juu kwa juu, na uduvi wanne umeshawaokota. Unauliza uongeze kiasi gani. Usiongeze. Punguza. Mimi nimepita hukohuko.

Tangi langu ni la lita 60, lipo sebuleni hapa Uyole. Mwaka wa kwanza nilikuwa na huruma za kijinga: nikiona gapi wamekomba kila kitu, namwaga kingine ili na uduvi waambulie. Gapi hajui kushiba, atakula mpaka tumbo limtoke pembeni na bado anakufuata kwenye kioo. Kinachomponyoka kinajificha kwenye changarawe, kinaoza, kinatoa sumu ya amonia. Samaki anaweza kuvumilia kidogo, uduvi hawezi. Nilitoa saba ndani ya wiki mbili, na kila alipokufa mmoja nilisema njaa hiyo, nikaongeza chakula.

Kaa chini uwatazame dakika kumi tu. Vile vijikono havitulii, kutwa vinadonoa majani, vinadonoa kuni uliyoweka, vinadonoa sponji ya filta. Wanakula ule utando wa utelezi na ukijani unaoota kwenye kila kitu kilichokaa majini muda mrefu. Hicho ndicho chakula chao hasa, na kwa watoto ndicho tegemeo, maana mtoto anaanguliwa akiwa na milimita mbili hivi, hawezi kusafiri kufuata kidonge upande wa pili wa tangi. Kwa hiyo kioo cha nyuma usikisugue. Mke wangu anasema kinatia aibu wageni wakija. Nimemwambia lile ni shamba.

Chakula cha kuwaongezea mimi natoa mara mbili kwa wiki, usiku. Kwanza nawalisha samaki kawaida, nazima taa, nasubiri kama saa moja hivi mpaka neoni wametulia. Halafu nadondosha kipande cha kidonge kinachozama, ukubwa wa punje moja ya mchele, ndani ya kisahani cha kioo kilicho kwenye kona yenye majani mengi. Nikimulika na tochi ya simu nakuta wamekizunguka kama watoto kwenye sinia la ubwabwa, mmoja anakibeba anakimbia nacho, wengine nyuma yake. Baada ya saa mbili, kilichobaki nakitoa. Kile kisahani ndiyo faida yake, hutafuti mabaki kwenye changarawe.

Mboga wanapenda sana, mchicha au kipande cha tango, ila hapa naomba unisikilize vizuri. Niliwahi kununua mchicha mzuri, mbichi, hauna hata tundu moja la mdudu. Nikausuuza mara moja, nikauchemsha dakika moja, nikautia. Asubuhi uduvi wanarukaruka ovyo, wengine wamelala chali wanatikisa miguu. Samaki wazima kabisa! Dawa ya wadudu haichagui, na uduvi ni ndugu wa mdudu kuliko wa samaki. Tangu siku hiyo natumia mchicha wa nyuma ya nyumba tu. Vivyo hivyo dawa za magonjwa ya samaki: ukiona ina shaba ndani, isiguse tangi hilo.

Na baridi ya kwenu huko. Mwezi wa saba bila hita maji yangu hushuka mpaka nyuzi 17. Uduvi hawafi kwa hilo, ila wanapoa, wanakula kidogo, na chakula kinabaki. Kipindi hicho nawapa mara moja kwa wiki, na wiki nyingine siwapi kabisa. Maji ya kubadilishia nayo yalaze kwenye ndoo humo humo chumbani, usimimine ya bomba ya alfajiri.

Yule aliyekushauri uchanganye na mbuna, wale samaki wa Ziwa Nyasa, kutoka Matema, mpuuze. Mbuna atashukuru sana kwa hiyo kitoweo.

Kwa sasa usitie kitu chochote siku nne kwa ajili ya uduvi, samaki wape kidogo mara moja kwa siku, nyonya uchafu wa chini na ubadilishe robo ya maji. Halafu nijibu kitu kimoja: hao wanne uliookota, walikuwa na rangi ya waridi iliyofifia, mwili umejaa, au walikuwa wazi kama nailoni na ndani hamna kitu? Kama walikuwa wazi, hayo ni magamba tu wamejivua. Hesabu upya usiku na tochi, na magamba mengine ukiyaona yaache humo humo, wanayala wenyewe.