Re: Kumpeleka mama Bulabo, jua atalimudu?

Mkuu umeuliza kama bi mkubwa ataweza kukaa kwenye ngoma za Bulabo, lile tamasha la Wasukuma pale makumbusho ya Bujora, Mwanza, na hili jua la mwezi wa sita. Mpeleke bwana, asikose kabisa! Ila uwanja uko wazi na kivuli kinagombaniwa kwahiyo wahini, pandeni daladala za Kisesa asubuhi halafu bodaboda mpaka makumbusho, mkifika mtafutie mti kwanza ndo mengine yafuate. Beba kigoda, mwavuli, kanga ya kulowesha ajifunge shingoni, na maji anywe kidogo kidogo asisubiri kiu. Akisema kichwa kinagonga au anasikia kizunguzungu mtoe hapo hapo, ngoma mtaikuta.

Halafu kitu kimoja, Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, wanacheza kwa wakati mmoja na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi, sasa wale Bayeye, wacheza na nyoka, wakitoa chatu au wale wa bugobogobo, ngoma ya majembe, wakianza kurusha majembe juu watu wote wanahamia huko mbio na vumbi linatimka, we usimburuze mama kwenye ule msukumano, mwache kivulini na mtu wa kukaa naye. Wazee wa kisukuma wengi wanakaa pembeni hivyo hivyo, atapata wa kupiga nao stori.