Muulize Mjomba: Kimbunga kimepiga Houston, kwa nini pampu zikauke Dallas?

*Majibu ya safu hii yanaandikwa na dereva wa lori la mafuta. Alianzia kazi kwenye bohari za Kurasini, Dar es Salaam, na sasa anapakia petroli katika pwani ya Texas.*

Shikamoo Mjomba. Mwaka 2017 kimbunga Harvey kilipoizamisha Houston, sisi huku Dallas, kilomita karibu 390 kutoka huko, tulikuwa na jua kali. Hata hivyo vituo vilifunika pampu kwa mifuko ya plastiki, na foleni za magari zikafika barabara kuu. Msimu wa vimbunga umeingia tena na mume wangu anajaza madumu ya petroli anayapanga gereji. Mafuta yalikwenda wapi mwaka ule? Na je, anafanya sawa? – Mama Wawili, Dallas

Marahaba mwanangu. Nianze na la mwisho, maana ndilo linalonitia hofu. Mwambie baba watoto ayatoe hayo madumu gerejini leo hii. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka ukutane na moto, na nyumba nyingi za huku hita ya maji ya gesi imewekwa humo humo gerejini. Mafuta ya siku mbili tatu hayana thamani ya kuwaweka watoto kwenye hatari hiyo.

Sasa swali lako. Mwaka ule mafuta ghafi hayakupungua kiasi cha kuikausha Dallas. Kilichopungua ni uwezo wa kuyageuza kuwa petroli na kuyafikisha kwako. Watu wengi wanadhani kisima na pampu vimeunganishwa moja kwa moja, kumbe katikati pana kiwanda cha kusafisha, bomba, bohari na mtu kama mimi mwenye lori. Kimbunga kinapiga hapo katikati.

Harvey ilitua karibu na Rockport usiku wa tarehe 25 Agosti 2017. Upepo wake ulikuwa mkali, lakini balaa kubwa lilikuwa mvua, kwa sababu kimbunga kiligoma kuondoka. Mji wa Nederland, jirani na Port Arthur, ulipata zaidi ya milimita 1,500 za mvua katika siku chache. Waliokulia Dar es Salaam watanielewa: jiji letu hupata kama milimita 1,100 kwa mwaka mzima, masika na vuli pamoja. Na eneo hilo la Port Arthur na Beaumont ndiko vilikojazana viwanda vya kusafisha mafuta. Kile cha Motiva, kikubwa kuliko vyote nchini Marekani wakati huo, kilikuwa kikisafisha mapipa kama 600,000 kwa siku. Kilizimwa. Vya Corpus Christi vilikuwa vimezimwa hata kabla upepo haujafika. Kwa ujumla, karibu robo ya uwezo wa nchi nzima wa kusafisha mafuta ilisimama.

Wiki hiyo likatokea jambo ambalo wengi hawakulielewa: bei ya mafuta ghafi ilishuka huku bei ya petroli ikipanda. Viwanda vimefungwa, nani atanunua mafuta ghafi? Na petroli iliyokwisha kusafishwa inagombewa. Wastani wa nchi nzima ulikuwa dola 2.40 hivi kwa galoni mwishoni mwa Agosti; wiki moja baadaye ukakaribia dola 2.70. Kwa hiyo unaposikia kwenye taarifa ya habari kwamba "mafuta yameshuka" siku ya kimbunga, uliza ni mafuta gani.

Kiwanda cha namna hiyo hakiwashwi kwa swichi. Mitambo inapashwa moto taratibu, kila kiungo cha bomba kinakaguliwa kama kinavuja, umeme na mvuke viwe vya uhakika, maana umeme ukikatika katikati ya kazi ni hatari kubwa kuliko kimbunga chenyewe. Na watu wa kuyafanya hayo nyumba zao zilikuwa majini. Beaumont ilikosa hata maji ya bomba. Nawajua mafundi waliokuja zamu na nguo walizookolewa nazo. Hao hawatajwi bei ya mafuta inapozungumzwa, na mimi nitawataja kila nikipata nafasi.

Dallas inategemea mabomba yanayotoka pwani. Bomba la Explorer, linaloanzia upande wa Port Arthur na kupanda kaskazini, lilisimama. Colonial nalo, linalotoka Houston na kwenda mpaka eneo la New York, likasimamisha sehemu yake ya Texas. Hapo bohari za kwenu zikabaki na akiba iliyokuwamo tu. Akiba hiyo ingetosha kuwavusha kama watu wangenunua kama kawaida yao, nami nasema hivi kama mtu anayeona hesabu za upakiaji kila siku.

Lori langu linabeba kama lita 32,000. Gari moja likichukua lita 50, nimehudumia magari 640, kisha narudi bohari kupanga foleni. Siku ya kawaida watu wanakuja mmoja mmoja, tenki limebaki robo. Siku ya hofu, mji mzima unakuja asubuhi moja, mwenye nusu tenki na mwenye robo tatu, na nyuma ya pikapu kuna madumu sita. Kituo kilichokuwa kinamaliza mzigo kwa siku kadhaa kinaumaliza kabla ya chakula cha mchana. Mara nikifika na mzigo, nakuta magari yameziba njia ya kuingilia na siwezi hata kuzifikia tenki za chini nimwage. Wanaosubiri mafuta ndio wamemzuia anayeyaleta.

Utauliza, je ile akiba ya taifa? Marekani inayo, imehifadhiwa kwenye mapango ya chumvi chini ya ardhi, Texas na Louisiana. Lakini yaliyomo ni mafuta ghafi. Baada ya Katrina mwaka 2005 yalisaidia, kwa sababu kimbunga kile kilifunga zaidi ya asilimia 90 ya uchimbaji wa mafuta kwenye Ghuba ya Mexico. Harvey ilipofunga viwanda, mafuta ghafi ya ziada peke yake hayakuweza kuondoa foleni Dallas.

Mjomba, mimi ni bodaboda Mbagala. Juzi sheli ninayojaza walisema hawana petroli, na kijana wa pampu akatuambia ni kwa sababu ya kimbunga cha Marekani. Inawezekana? – Msomaji, Dar es Salaam

Haiwezekani, mdogo wangu, si kwa haraka hivyo. Petroli unayojaza Mbagala iliagizwa na kupakiwa melini wiki nyingi zilizopita, na sehemu kubwa hutoka Uarabuni na India, si Texas. Sheli ikikauka ghafla, sababu itafute karibu: lori limechelewa, mwenye kituo hajalipia mzigo, au anasubiri bei mpya. Hili la kusubiri bei mpya linaniudhi sana. EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia bei za mafuta Tanzania, hutangaza bei kikomo, yaani bei ya juu ambayo kituo hakiruhusiwi kuipita, Jumatano ya kwanza ya mwezi, na zile siku za kuelekea tangazo ndizo za kuangalia kwa makini. Kukificha kitu ambacho mtu anakitegemea kupata riziki ya siku ni dhuluma. Toa taarifa EWURA, taja kituo na tarehe.

Kwenye bei, ndiyo, kimbunga kinaweza kukufikia, ila kwa mzunguko. Baada ya Katrina, petroli ya Ulaya ilipakiwa melini kwenda Marekani kwa sababu huko ndiko ilikokuwa na bei. Soko la dunia zima likapanda. Bei kikomo ya Tanzania inakokotolewa kutokana na bei za soko la dunia za nyuma, pamoja na usafiri wa meli na thamani ya dola, kwa hiyo athari inakuja kwa kuchelewa. Wasomaji wa Kenya, ambao EPRA, mamlaka yao ya nishati, huwatangazia bei tarehe 14 ya mwezi, hali yao ni hiyo hiyo. Kimbunga cha Agosti hakiwezi kuwa sababu ya bei iliyopanda Agosti hiyo hiyo.

Mjomba shikamoo. Tumehamia Tampa mwaka huu. Tujiandae vipi? – Baba Zuhura, Florida

Marahaba. Florida haina kiwanda cha kusafisha mafuta, wala bomba la petroli kutoka viwanda vya Ghuba. Petroli yenu inakuja kwa meli, na bandari kuu ni Tampa na Port Everglades. Bandari zinafungwa kabla kimbunga hakijafika, kwa hiyo upungufu kwenu unaweza kuanza mapema, tena wakati watu wanapohama. Irma mwaka 2017 iliwaondoa mamilioni barabarani kwa siku chache, na vituo vikakauka njiani. Kuanzia Juni mpaka mwisho wa Novemba, usiache tenki lishuke chini ya nusu. Anayefanya hivyo haongezi foleni siku ya hofu, maana hana haja ya kuja.

Jua pia kwamba kituo kinaweza kuwa na petroli tele ardhini na kisikuuzie hata lita moja, kwa kukosa umeme wa kuendesha pampu. Ida ilipopiga Louisiana tarehe 29 Agosti 2021, New Orleans yote iliingia gizani. Florida ilijifunza mapema: sheria yake inataka vituo vingi vilivyo karibu na njia za kuhamia viwe vimeandaliwa kuunganishwa na jenereta. Kwa hiyo ukihama, fuata njia kuu.

Ukibaki na ukawasha jenereta ya nyumbani, iweke nje, mbali na madirisha na milango, mdomo wa moshi uelekee kusikokuwa na nyumba. Si varandani, si gerejini hata mlango ukiwa wazi. Baada ya kimbunga Laura mwaka 2020, gesi ya kaboni monoksidi kutoka kwenye jenereta iliua watu Louisiana, upepo umeshapita, wamelala majumbani mwao. Haina harufu wala rangi. Kengele ya kuitambua gesi hiyo inauzwa madukani, ile ya betri. Nunua, iweke karibu na wanapolala watoto, na ijaribu kabla ya msimu kupamba moto. Jenereta ikihitaji mafuta, izime kwanza, iache ipoe, ndipo umimine.