Maswali ya Wasomaji: Siku Mbili Praha Pamoja na Mama

SWALI: Ndugu Mhariri, nitakuwa Praha, mji mkuu wa Jamhuri ya Cheki, kwa siku mbili nikiwa na mama yangu ambaye magoti yanamsumbua. Tunatamani kuona ngome, Daraja la Charles, ile saa maarufu na mtaa wa zamani wa Wayahudi, lakini tumeambiwa kwamba mji una vilima na umati mkubwa wa wageni. Tupange vipi ziara yetu?

JIBU: Ndugu msomaji, anzeni juu ya kilima, tena mapema asubuhi. Wageni wengi huiendea ngome kwa miguu kutoka mtoni, wakapanda ngazi ndefu na kufika wamechoka. Ninyi pandeni tramu namba 22 hadi kituo cha Pohořelec, kilicho juu kuliko ngome yenyewe, kisha mteremke taratibu hadi lango kuu. Msisahau kugonga tiketi zenu kwenye kimashine mara mnapopanda, kwa kuwa tiketi isiyogongwa huhesabiwa kuwa si halali.

Kuingia katika viwanja vya ngome hakulipiwi, ila majengo makubwa yana tiketi yake, na kwa maoni yangu Kanisa Kuu la Mtakatifu Vitus peke yake linatosha kuhalalisha gharama hiyo. Ujenzi wake ulianza mwaka 1344 na haukukamilika hadi 1929, kwa hiyo ule uso wa magharibi ambao wageni huupiga picha wakidhani ni wa Zama za Kati ni mpya kwa kiasi kikubwa, ilhali sehemu kongwe ziko upande wa mashariki, kwenye altare. Mnara wake mkubwa una vidato 287 na hauna lifti; mwacheni mama apumzike chini. Mkimaliza, tokeni kwa lango la kaskazini hadi kituo cha Pražský hrad, mkapande tramu ileile namba 22 kushuka hadi Malostranské náměstí, maana magoti mabovu huumia zaidi kwenye kushuka ngazi kuliko kupanda.

Kutoka hapo daraja halipo mbali. Mfalme Charles wa Nne alianza kulijenga mwaka 1357, na lina urefu wa takriban mita 516 na sanamu 30, nyingi zikiwa nakala kwa sababu za asili zimehifadhiwa zisiharibiwe na hali ya hewa. Sanamu ya shaba ya Yohane wa Nepomuk, mtakatifu wa Cheki, ya mwaka 1683, ndiyo kongwe kuliko zote. Adhuhuri daraja hufurika watu, kwa hiyo kama mnaweza, lirudieni alfajiri ya siku ya pili.

Saa ya falaki ya mwaka 1410 iko kwenye Jumba la Mji wa Kale. Kusanyiko linalosubiri sanamu za mitume zipite dirishani kila saa kamili huambulia tukio fupi mno, nami nisingelisubiri. Uso wa saa ndio wenye utamu: pete yake ya nje huhesabu saa 24 kuanzia machweo, na msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kuanza kuhesabu saa za usiku jua linapozama, ataielewa upesi kuliko wageni wengine. Mnara wa jumba hilo una lifti. Kando yake, misalaba 27 iliyochorwa kwa mawe ardhini huwakumbuka viongozi wa uasi dhidi ya mfalme wa ukoo wa Habsburg, waliouawa hapo mwaka 1621.

Mtaa wa Wayahudi usiwekwe Jumamosi, kwa kuwa siku hiyo makumbusho yake hufungwa. Katika Sinagogi la Pinkas, kuta zimeandikwa majina ya karibu Wayahudi 80,000 wa Bohemia na Moravia, maeneo ya Cheki ya leo, waliouawa na Wanazi. Tengeni muda wa kutosha. Makaburi ya kale yaliyo jirani yana ardhi isiyo sawa, kwa hiyo mshikeni mama mkono.

Kuhusu fedha, inayotumika ni koruna. Mkibadilisha kwenye duka la kubadilishia fedha kisha mkagundua kwamba kiwango ni kibaya, sheria iliyoanza mwaka 2019 inawaruhusu kutengua mabadilishano ya hadi thamani ya yuro 1,000 ndani ya saa tatu, mradi mmeitunza risiti.