Wananielewa kwa Kiswahili, kwenye jaribio wanaacha wazi

Swali: Nafundisha Biolojia kidato cha kwanza, shule ya kata. Nikizungumza Kiingereza darasa linanyamaza; nikigeuza Kiswahili wanachangamka. Lakini kwenye jaribio wanaacha nafasi wazi au wanamwaga notsi walizokariri. Mwalimu wa taaluma anataka nipige marufuku Kiswahili darasani. Nifanyeje?

Jibu: Usikipige marufuku, mwalimu. Watoto hawa wamejifunza sayansi kwa Kiswahili tangu shule ya msingi, na ukikifungia nje Kiswahili umeifungia nje na sayansi waliyokuja nayo. Mtafiti Jim Cummins alipochunguza watoto wahamiaji huko Toronto, Kanada, mwaka 1981, aliona iliwachukua miaka 5 hadi 7 kuwafikia wenzao katika Kiingereza cha masomo. Hao walikuwa wakikisikia dukani, uwanjani na kwenye televisheni. Wanafunzi wako wanakisikia kwenye vipindi tu, kisha wanarudi nyumbani. Kozi fupi ya Kiingereza ya mwanzoni mwa kidato cha kwanza haiwezi kuziba pengo hilo.

Kinachonitia shaka ni namna Kiswahili kinavyotumika. Ukisema sentensi kwa Kiingereza na kuitafsiri papo hapo, mwanafunzi anajua tafsiri inakuja, kwa hiyo Kiingereza hakisikilizi. Tena tuna ile desturi ya kuanza neno na darasa zima kulimalizia, kisha "tumeelewana?" na "ndiyo mwalimu!" Kelele ni nyingi, lakini hakuna aliyeunda hata sentensi moja ya Kiingereza kwa kichwa chake, na jaribio linadai hilo hilo.

Kwa hiyo tenganisha kazi za lugha hizi mbili. Chukua somo la seli. Chora ubaoni seli ya mmea na ya mnyama, bila majina. Waache wawili wawili, dakika tano, wajadili kwa Kiswahili zinafanana wapi na kutofautiana wapi. Watakwambia ya mmea ina ukuta, ya mnyama haina. Hapo ndipo uandike majina ya Kiingereza, yasizidi manane, na uyatamke nao. Chini yake weka kiunzi cha sentensi: "A plant cell has ____, but an animal cell does not." Kila mmoja amwambie jirani yake sentensi mbili kwa mdomo kabla hajashika kalamu. Usiruke hatua hii hata muda ukibana: mtoto ambaye hajawahi kuitamka sentensi ni nadra aiandike. Mwisho waandike wenyewe, bila kunakili.

Majina ya kitaalamu si mzigo mkubwa kama tunavyodhani, maana hata kwa Kiswahili mengi ni mageni kwao. Wanaangushwa na maneno ya maswali. Akiulizwa "distinguish", mwanafunzi anaandika yote anayoyajua kuhusu seli ya mmea, ya mnyama haigusi, na sifuri anayopata haihusiani na Biolojia. Wafundishe "state", "explain", "distinguish" na "give reasons" kama mada, kila neno na jibu la mfano.

Unaposahihisha, toa alama ya Biolojia kwanza. Mtoto aliyeandika "animal cell no have wall" amepata hoja. Mpe alama yake, halafu mwandikie sentensi sahihi pembeni na airudie. Ukimchora mistari myekundu kila mahali, kesho ataacha wazi.

Viunzi viondoe taratibu: mwanzoni sentensi yenye mapengo, baadaye maneno ya kuungia tu, na kabla ya upimaji wa kidato cha pili wawe wanaandika aya bila msaada, kwani mtihani wa kidato cha nne utawadai hivyo. Mwalimu wa taaluma usibishane naye ofisini. Mkaribishe akae nyuma kipindi kizima, kisha mpe madaftari asome.