Maswali na Majibu: Kompaila ya kuandikia mfumo endeshi

Laptopu yangu ina Ubuntu na GCC, yaani kompaila (programu ya kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), imo tayari. Mbona naambiwa nijenge GCC nyengine kabla ya kuanza kerneli yangu, yaani kiini cha mfumo endeshi? (Mwanafunzi, Tunguu)

Kwa sababu hiyo uliyonayo inadhani kila inachokitoa kitaendeshwa juu ya Linux. Ile ya Ubuntu, kwa mfano, hupachika ulinzi wa staki (eneo la kumbukumbu ambamo funksheni huweka data zake za muda) bila kuombwa. Ukifika kwenye kuunganisha vipande vya programu kuwa kimoja unakutana na kosa la `__stack_chk_fail`, kwani kerneli yako haina kitu cha jina hilo. Tabia hizi zinazimika moja moja, lakini utakuwa unaziba tundu hili huku jengine likivuja.

Kwanza sakinisha `build-essential`, `bison`, `flex`, `texinfo`, `libgmp-dev`, `libmpfr-dev` na `libmpc-dev`. Jenga binutils (vifaa vya kuasembli na kuunganisha), kisha GCC, zote kwa `--target=i686-elf` (prosesa ya x86 ya biti 32, bila mfumo endeshi) na `--prefix` moja, na folda lake la `bin` litie kwenye PATH (orodha ya folda ambamo terminali hutafuta amri) kabla ya kugusa GCC. Kwa GCC ongeza `--enable-languages=c --without-headers`. Usijengee ndani ya folda la msimbo wenyewe. Fungua jengine pembeni. Halafu `make all-gcc`, `make all-target-libgcc`, `make install-gcc` na `make install-target-libgcc`. Hiyo libgcc (maktaba ya funksheni saidizi za GCC) wengi huiruka, kisha siku wanapogawanya namba za biti 64 wanashangaa kuona `__udivdi3` haipatikani.

Umeme ulikatika GCC ikiwa katikati na betri yangu imekufa. Nianze upya? (Chake Chake)

Hapana. Rudi kwenye folda lile lile, andika amri ile ile. Make hutazama saa za mafaili na kuendelea ilipoachia. Hatari ni faili lililokuwa likiandikwa wakati wa giza: linaweza kubaki tupu, na make ikadhani limekamilika. Lifute kwanza: `find . -name '*.o' -size 0 -delete`. Ukiona neno `Killed`, hapo si umeme tena, RAM imejaa. Punguza kazi za pamoja: tumia `-j2` au hata `-j1`.

Bando langu dogo. Hakuna njia nyepesi? (Fuoni)

Ipo: Clang. Kompaila moja inatoa msimbo wa aina nyingi za prosesa, hivyo hujengi chochote. Sakinisha `clang` na `lld`, kompaili kwa `clang --target=i686-elf -ffreestanding -c`, unganisha kwa `ld.lld -T` na skripti yako ya kuunganisha. Kwa anayeanza, sisi tungemshauri hii. Uandike mwenyewe `memcpy`, `memmove`, `memset` na `memcmp`: kompaila huziita hata pale ambapo wewe hukuziita.

Kerneli yangu ya biti 64 inakwenda vizuri, lakini nikiwasha intarapti za saa (ishara zinazoikatiza prosesa kila baada ya muda) inaharibika ovyo, kila mara mahali tofauti. (Mkoani)

Umesahau `-mno-red-zone`. Katika kanuni za x86-64 zinazofuatwa na Linux, funksheni inaruhusiwa kutumia baiti 128 chini ya kielekezi cha staki bila kukisogeza; eneo hilo ndilo red zone. Intarapti ikiingia, prosesa inasukuma data zake papo hapo na kuzifuta thamani zako. Ongeza pia `-mgeneral-regs-only`, ili kompaila isiguse rejista za SSE (za hesabu za desimali na vekta) ambazo hujazihifadhi. Kompaili mafaili yote upya, si moja tu. Likibaki tatizo, endesha kerneli ndani ya QEMU (programu inayoigiza kompyuta) kwa `-d int -no-reboot`: kila intarapti itaandikwa, na ya mwisho kabla ya kusimama ndiyo ya kuichunguza.