Cheni inaruka kila mizunguko miwili na nusu

SWALI: Shikamoo fundi. Nauza mahamri kwa baiskeli, kila alfajiri natoka Ganda naingia Malindi mjini. Cheni ilikuwa imejaa mchanga, nikaona niitoe mwenyewe niioshe. Sikuona pa kuifungulia, basi nikagonga pini moja kwa msumari mpaka ikatoka. Nikaosha, nikapaka mafuta, pini nikairudisha kwa nyundo. Baiskeli inakwenda, lakini nikikanyaga kwa nguvu cheni inaruka, tak! Nimehesabu: ni kila nikimaliza mizunguko miwili na nusu ya pedali. Mume wangu asema cheni imekwisha, ninunue mpya. Ni kweli?
Mama Mahamri, Ganda

JIBU: Marahaba, mama. Bwana mwambie asubiri, pesa usitoe bado. Kwa hesabu yako hiyo umeshanifanyia nusu ya kazi, na laiti wateja wangu wote wangehesabu kabla ya kuja kunililia.

Baiskeli hizi zetu zisizo na gia nyingi, cheni yake ina pingili kama 110, na nyingi zina meno 44 mbele, kwenye pedali. Kila mzunguko wa pedali unavuta pingili 44. Gawa mwenyewe: cheni nzima humaliza safari yake kwa mizunguko miwili na nusu. Kwa hiyo ni pingili moja tu inayokusumbua, kila inapofika nyuma kwenye friwili, yale meno ya gurudumu la nyuma. Cheni iliyokwisha haina ratiba; inaruka popote unapokaza mguu.

Na pingili yenyewe ni ile uliyoigonga. Nyundo imebana vibati vyake, haikunjiki tena. Pindua baiskeli miguu juu, zungusha pedali kinyume polepole, utaiona: wakati nyingine zinanyooka, hiyo inabaki imepinda. Ishike kwa mikono miwili, vidole gumba viwe karibu na pini, uikunje kushoto na kulia (si juu na chini, huko ndiko inakokunjika siku zote) mpaka ilegee. Mchezo wa dakika moja.

Lakini usiishie hapo. Pini iliyotolewa kwa msumari haishiki tena kama mwanzo, na siku itakapochomoka utakuwa na karai la mahamri nyuma. Osha cheni tena, pitisha macho pingili kwa pingili, upande wa nje. Huenda ikawapo moja yenye klipu: kibati chembamba kama kisamaki, kichwa mviringo, mkia umepasuka. Uchafu ukishika haionekani kabisa. Hapo ndipo pa kufungulia. Taya moja la koleo liegemeze kwenye pini, la pili lisukume ncha za mkia, samaki atateleza atoke. Awepo asiwepo, pini ile mbovu bado iko, basi nunua kiungio chenye klipu, fundi atoe pini mbili za pingili uliyoigonga na kiungio kikae mahali pake. Urefu wa cheni haubadiliki.

Kurudisha, usihangaike na ncha mbili zinazoning'inia hewani. Zikutanishe juu ya meno ya friwili, meno yatakushikia. Pitisha kiungio kutoka ndani, weka kibati cha nje, kisha klipu. Kichwa cha samaki kielekee kule cheni inakokwenda: ukiwa kwenye mkono wa juu wa cheni, kichwa kinatazama pedali. Samaki haogelei kinyumenyume. Ukigeuza, kijiti au nguo ikigusa mkia inamsukuma nje, na utamwona tena siku ya kiyama. Mimi nilimpoteza wangu mchangani hapa Shella, mbele ya mteja. Nilimpata kwa sumaku ya spika mbovu ya redio, na tangu siku hiyo natandika gunia kabla sijagusa koleo.

Sasa, umesema umepaka mafuta, hukusema yapi. Naomba isiwe yale yaliyobaki kwenye karai. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi, na mchanga wa njia ya Ganda utajibandika humo kama ufuta kwenye mkate. Grisi nayo ni hivyo hivyo. Safisha kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, mbali na jiko lako, petroli iache. Cheni ikauke, kisha mafuta ya cherehani, tone moja kila pingili, na nje upanguse mpaka kitambaa kitoke kikavu. Kwa hewa hii ya chumvi, rudia mara kwa mara.

Ili bwana aridhike, pimeni pamoja. Pingili 24 za cheni mpya, pini hadi pini, ni inchi 12 kamili. Tumieni rula ya chuma, utepe wa fundi cherehani hunyumbuka. Ikizidi kwa sehemu ya nane ya inchi, basi kasema kweli, nunua, na friwili pia itazame, kwa sababu meno yaliyolika hayapatani na cheni mpya.

Mwisho kaza gurudumu la nyuma ukiivuta cheni: katikati ipande na kushuka kama nusu inchi, si zaidi. Ukipita Shella, niwekee mahamri manne. Ya iliki.