Maswali na majibu: Kuufuata upepo wa kaiti

Barua za mwezi huu zimeshabihiana: mpenda kaiti aende wapi, au ahamie wapi kabisa, ili asishinde ufukweni akitazama bendera iliyonyong'onyea? Nimechagua saba. Kwa msomaji mgeni, kaiti ninayoisema ni tiara kubwa ya kitambaa iliyoungwa kwenye mkanda wa kiunoni kwa kamba za mita ishirini na kitu, nayo hukuvuta ukiwa umesimama juu ya ubao majini. Na noti ni ya mabaharia, si ya benki: noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa.

Nimesoma orodha kumi za "ufukwe bora duniani wa kaiti" na kila moja ina mshindi wake. Wewe ungetaja upi?

Ningekuuliza kwanza unasafiri mwezi gani. Cumbuco na Jericoacoara, kaskazini mashariki mwa Brazili, upepo ni wa kutegemewa kuanzia Julai hadi Januari hivi. Nenda Machi na utakutana na mvua. Cape Town upepo wa kusini mashariki huvuma kiangazi chao, Novemba hadi Machi. Visiwa vya Ugiriki vina meltemi, upepo wa kiangazi wa kutoka kaskazini, unaoshika kasi Julai na Agosti. Mui Ne ya Vietnam na La Ventana ya Mexico ni za miezi ya mwisho na ya mwanzo wa mwaka. Mwandishi wa orodha aliyekwenda Agosti atakuapia Ugiriki. Wa Januari atakuapia Cape Town. Wote wawili wanasema kweli.

Kinachosaidia kuliko orodha ni kuujua ukoo wa upepo. Uko upepo wa pasati, unaovuma kutoka upande uleule kwa miezi, na ndio unaoilisha Brazili na visiwa vya Karibi. Ziko pepo za misimu: Paje, Unguja, hupata kaskazi kuanzia Desemba na kusi kuanzia Juni, na kati ya misimu hiyo bahari hupumzika. Uko upepo wa bahari wa mchana tu, unaozaliwa nchi kavu ikishapata moto kuliko maji. Huu hauamki kabla ya watu kunywa chai, na wingu zito likifunika nchi asubuhi unaweza usiamke kabisa.

Halafu kuna miwanya, ambako upepo wa kawaida unabanwa hadi unakimbia. Tarifa, Hispania, iko kwenye mlango wa Gibraltar, ambao mahali pembamba ni kama kilomita 14 tu, milima huku na huku. Maui, Hawaii, pasati hupenya katikati ya milima miwili ya volkano. Mwanya una faida kubwa na ila moja: ukibana sana, siku nyingine utashinda ndani ukisikiliza madirisha yakigongana.

Mahali panapounganisha koo mbili ndipo ninapopapenda. Cabarete, katika Jamhuri ya Dominika, pasati husukumwa na joto la mchana, basi asubuhi maji yametulia na alasiri kaiti zimejaa angani.

Tovuti moja inaonyesha wastani wa noti 14 kwa mwezi ninaotaka kusafiri. Kwa kaiti yangu ya mita 12 za mraba zinatosha, sivyo?

Hujui bado. Fanya hesabu hii nami. Mahali A, siku moja panavuma noti 28 na siku inayofuata kimya kabisa. Wastani ni 14. Mahali B, upepo wa bahari unavuma noti 20 kwa saa nne za alasiri, na saa ishirini zilizobaki ni noti 4. Wastani wa siku nzima hauzidi 7. Kwa kuangalia wastani utakwenda A, kumbe B ungeingia majini kila siku.

Tena kule A, siku ya upepo kaiti yako ya mita 12 ungeikunja. Nguvu ya upepo haikui sambamba na mwendo wake: mwendo ukiongezeka mara mbili, mvuto unaongezeka mara nne. Noti 28 zinakuvuta mara nne ya noti 14. Ndiyo maana mchezaji wa kiwango cha kati hutafuta kati ya noti 15 na 25, na hubeba kaiti mbili au tatu za ukubwa tofauti.

Unachotakiwa kuuliza ni siku ngapi katika mwezi zilipita noti 15, kati ya adhuhuri na magharibi, katika miaka kadhaa mfululizo. Takwimu za namna hiyo zipo, na zile za kituo halisi cha kupimia kilichosimama ufukweni zina uzito kuliko za kompyuta. Utabiri wa dunia nzima unaigawa ramani katika miraba yenye upana wa takriban kilomita kumi au zaidi. Mlima wako na ghuba yako ndogo vinapotelea humo. Upepo wa bahari mara nyingi unaripotiwa pungufu, na kwenye kivuli cha mlima unaripotiwa kupita kiasi.

Angalia pia pengo kati ya upepo wa kawaida na dhoruba zake fupi. Noti 16 zinazopanda hadi 19 ni starehe. Noti 12 zinazoruka hadi 26 mimi hukaa nikanywa kahawa.

Sijawahi kushika kaiti. Niende wapi nikajifunze?

Penye maji ya kiunoni, mchanga chini, nafasi tupu, na upepo unaovuma kwa mshazari kuja ufukweni. Lo Stagnone, karibu na Marsala huko Sicily, ni maji mafupi yaliyokingwa na kisiwa, unaanguka na kusimama. Sehemu za El Gouna, Misri, nazo ni hivyo. Kwa mwanafunzi, kina cha maji kinashinda jina la mahali: kila unapoanguka penye kina kirefu unatumia dakika nyingi kuutafuta ubao, na somo la saa mbili linabaki nusu saa.

Kuhusu upande wa upepo niruhusu nikawie, maana uliniponza. Mwaka mmoja nilikodi chumba kwa wiki 2 mahali ambapo tangazo lilisema upepo upo kila siku. Ulikuwepo. Noti 20, anga safi, maji karibu na nchi yametulia kama yamo beseni. Nilidhani nimefika peponi hadi nilipomwona mvuvi mmoja akiushika mchanga, akauachia, nao ukaruka kuelekea baharini. Ulikuwa upepo wa kutoka bara. Ukikatika kamba, ukichoka, kaiti ikianguka ikakataa kupaa, hutarudi, utakwenda. Na karibu na nchi kaiti ilikuwa ikilegea kama nguo ya kuanikwa kisha kunivuta ghafla hadi nikapiga magoti, kwa sababu upepo ulikuwa umevunjikavunjika juu ya mapaa na miti. Boti ya kuokoa ilikuwepo, ila kwa malipo ya kila siku ambayo tangazo halikuyataja. Niliingia majini siku 3 kati ya 14.

Upepo unaokuja moja kwa moja ufukweni nao si rafiki wa mwanafunzi: unakurudisha nchi kavu kila mara, na nchi kavu kuna kuta, magari na watu. Mshazari ndio wa salama. Kabla ya kulipa, fungua ramani ya satelaiti, chora mshale wa upepo wa msimu huo juu ya ufukwe, utazame unaelekea wapi. Kisha tazama upande wa joshi, unakotoka upepo: pakiwa na jengo refu au msitu, upepo utakufikia umechanika.

Nilifika ufukweni saa nne asubuhi, upepo mzuri, lakini bahari haipo! Maji yamekwenda mbali hata siyaoni. Nilikosea wapi?

Ulisoma upepo ukasahau mwezi. Penye kupwa na kujaa kukubwa, ufukwe ni fukwe mbili tofauti kwa siku. Paje ni mfano mzuri: maji yakipwa yanarudi mbali sana, yanabaki madimbwi, miamba na vigingi vya mwani vya akina mama wakulima, ambavyo ubao wako hauna haki ya kuvipitia. Yakijaa, eneo hilohilo ni uwanja mpana ulionyooka.

Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupwa na kujaa kupita kawaida. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo, na saa za kucheza huwa nyingi. Wengi hawajui jambo hili: kila ufukwe una saa zake, na bamvua hujaa hapo karibu saa zilezile, mwaka hadi mwaka. Ukiliona jedwali la maji la mwezi mmoja, umeijua tabia ya ufukwe huo. Kila siku maji huchelewa takriban dakika 50, kwa hiyo likizo ya wiki moja inaweza kuangukia saa mbaya tupu, na ya wiki mbili haiwezi. Bahari ya Mediterania, kujaa kwake ni kudogo. Huko swali hili halikuhusu.

Mimi nina kilo 95, mke wangu 52. Tuchague mahali pa nani?

Pa kwako, samahani kwa shemeji. Katika noti 18 wewe utahitaji kaiti ya mita 12 hivi, yeye ya mita 7. Mwepesi anaweza kupunguza kitambaa. Mzito hawezi kuongeza bila mwisho, maana kaiti kubwa mno ni nzito na mvivu. Tafuteni panapovuma noti 16 hadi 22, basi. Ikiwa yeye ndiye anayejifunza, geuza jibu: mpeleke kwenye noti 15 zilizotulia, nawe ujifunze ubao wenye bawa chini ya maji, ambao hata noti 10 unakwenda.

Kazi yangu ni ya kompyuta, naweza kuishi popote. Nahamia Tarifa au Brazili?

Anza na saa za kazi, si za upepo. Tuseme waajiri wako wako Ulaya ya kati na wanakutaka saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni zao. Ukiwa Ceará, Brazili, hiyo ni kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa saba mchana wakati wa majira yao ya baridi. Utaamka na jogoo, lakini unafunga kompyuta wakati pasati inapamba moto. Ukiwa Vietnam, kazi inaanza saa tisa alasiri, na upepo wa Mui Ne huamka karibu na adhuhuri: una saa mbili tatu, huku ukitazama simu. Tarifa unashiriki saa na ofisi, yaani upepo mzuri wa alasiri utaupita dirishani Jumatatu hadi Ijumaa. Kabla ya jambo lingine lolote, chora siku yako kwa namna hiyo.

Kisha kaishi huko mwezi mmoja mbaya. Watu huhamia walikopenda likizo, na likizo huwa ya msimu. Tarifa ina pepo mbili: Poniente ya magharibi, inayotoka baharini, ya kistaarabu, na Levante ya mashariki, ambayo inaweza kuvuma siku nyingi bila kupumua, mchanga ukiingia hadi kwenye chumvi ya mezani. Mwenye likizo hucheka. Mwenye mtoto mchanga na nguo za kuanika hacheki.

Nyumba usichukue ya mstari wa mbele. Chumvi inakula bawaba, zipu na matundu ya kompyuta, na wewe unataka kulala. Mita mia kadhaa nyuma, penye nafasi ya kuoshea vifaa kwa maji yasiyo na chumvi, ni bora. Uliza hospitali iko mbali kiasi gani. Mchezo huu unavunja vifundo vya miguu na mbavu. Na masikio: miaka mingi ya maji baridi na upepo huotesha mfupa ndani ya njia ya sikio, kwa hiyo ukihamia penye baridi anza na vizibo siku ya kwanza.

Ukinishika shati nichague, ningekuambia Brazili miezi 6, na miezi mingine ukae penye shule, marafiki na kazi.

Cape Town ni Afrika, kiangazi. Nahitaji kweli suti ya mpira?

Ndiyo. Mkondo wa Benguela unaleta maji ya baridi kutoka kusini, na upepo uleule unaoufuata huko husukuma maji ya juu mbali na nchi, ya chini yenye baridi zaidi yakapanda. Bloubergstrand, ufukwe wa hapo Cape Town, jua linakuchoma mabega huku maji yakiwa nyuzi 12 hadi 16. Chukua suti ndefu yenye unene wa milimita 4 kiwiliwilini na 3 mikononi na miguuni. Langebaan, kaskazini yake, maji yaliyofungwa na nchi yana joto kidogo.

Baridi ina jambo jingine. Hewa ya nyuzi 5 ni nzito kuliko ya nyuzi 35 kwa karibu asilimia 10, hivyo noti 18 za penye baridi zinavuta kuliko noti 18 za tropiki. Ukitoka Brazili kwenda kaskazini mwa Ulaya mwezi Oktoba, tarajia kaiti yako ileile ya mita 9 ikushangaze, na ujaribu kwanza ile ndogo.